Nta ya mishumaa ya manukato: uliza kwanza itakaa wapi

Mishumaa arobaini, kila mmoja ndani ya chupa ya jemu, utepe mweupe shingoni. Niliimimina kwa usiku tatu jikoni kwangu Tandika, kwa ajili ya kicheni pati ya binti wa jirani yetu wa zamani. Ilikuwa Februari. Nikaipanga kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi, tukapitia Mwenge, dereva akaomba ale wali kidogo, nami nikaona si vibaya nipate soda. Gari likaachwa juani, vioo juu. Tuliporudi nikafungua mlango, harufu ya mlangilangi ikanivaa usoni, nikajua mambo yameharibika kabla sijaangalia. Nta ilikuwa imelegea ikawa uji. Tambi zimelala upande kama mpunga uliopigwa na upepo. Juu ya kila chupa limeelea tabaka la mafuta, na chupa mbili zilizoanguka zimemwaga kwenye kiti cha watu.

Kusafisha kile kiti nililipa mimi. Shangazi wa bibi harusi nilipompigia alisema neno moja tu, "Mwanangu," halafu akanyamaza. Ningependa angenigombeza.

Jioni ile nikautoa mfuko wa nta chini ya meza nikausoma upya. Namba ilikuwepo tangu siku ya kwanza, imeandikwa pembeni: 48. Maana yake nta ile ya soya inayeyuka ikifika nyuzi 48 za Selsiasi, na inaanza kulegea mapema kuliko hapo. Ndani ya gari lililofungwa vioo, chini ya jua la Dar, joto linapita nyuzi 50 bila hata kujitahidi. Nilikuwa nimeisoma namba ile mara nyingi tu, ila sikuwahi kujiuliza inanihusu nini.

Video nyingi tunazojifunzia kazi hii zinatengenezwa na watu wa nchi za baridi. Shida yao wao ni mshumaa kuganda haraka ukabanduka kwenye glasi, kwa sababu chumba kina nyuzi 15. Sisi Februari nje kuna nyuzi 32, na chini ya bati ni zaidi. Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Dada, nta ipi nzuri?" simtajii jina la nta. Namuuliza mshumaa utakaa wapi, ndani ya chombo gani, na utafikaje huko. Akishanijibu hayo, nta inakuwa imejichagua yenyewe kwa sehemu kubwa.

Namba kabla ya jina

Mshumaa unaokaa ndani ya chombo na ule unaosimama wenyewe ni vitu viwili tofauti. Wa ndani ya chombo unaweza kutumia nta laini, kwa sababu chupa inaushika hata ukiyeyuka wote juu. Unaosimama wenyewe, ule wa kumimina kwenye kalibu kisha ukautoa, unataka nta ngumu, la sivyo utajiinamia mezani mchana kweupe.

Mimi najipimia hivi. Mshumaa wa chupa utakaokaa ndani ya nyumba na hautoki: nta ya kuanzia nyuzi 48 hivi inatosha, mradi usiukalishe dirishani. Mshumaa wa chupa utakaobebwa kwenye boda, basi au gari: nta au mchanganyiko wa nyuzi 54 kwenda juu. Mshumaa wa kusimama: nyuzi 58 na kuendelea, tena mimi napenda zaidi ya hapo. Muuzaji asiyejua namba ya nta yake, usimlaumu, lakini nunua nusu kilo tu ukaipime mwenyewe. Iyeyushe, chomeka kipimajoto cha jikoni, iache ipoe polepole huku unakoroga. Joto litashuka, litashuka, halafu litasita kwa muda pale nta inapoanza kuganda. Pale liliposita ndipo penye namba yako, au jirani yake sana.

Parafini, ambayo watu wanaidharau bure

Parafini inatokana na mafuta ghafi ya petroli. Ndiyo iliyomo kwenye ile mishumaa myeupe ya dukani tunayowasha umeme ukikatika. Wanaouza malighafi za sabuni na mishumaa huwa nayo ikiwa mabamba meupe mfano wa tofali, ndani ya gunia, na mara nyingi imeandikwa 58/60. Hiyo ni namba ileile ya joto: inayeyuka kati ya nyuzi 58 na 60. Uliza pia kama imesafishwa kikamilifu au nusu. Iliyosafishwa kikamilifu mafuta yaliyobaki ndani yake hayazidi nusu ya asilimia moja, haina harufu, ni nyeupe inayoelekea kupenya mwanga. Iliyosafishwa nusu ina umanjano kidogo, inanuka petroli kwa mbali, na ukiibana kidoleni unahisi utelezi. Hiyo ya pili waachie wanaotengeneza mishumaa ya kuangazia choo. Manukato yako yatapigana na harufu yake, na yatashindwa.

Uzuri wa parafini ni kwamba inatoa harufu ikiwaka. Kwa bei yake, hakuna nta inayojaza chumba haraka kama hii. Ubaya wake ni kunywea. Ikipoa inajikunja, katikati kando ya utambi linatokea shimo, na pembeni inaachana na glasi ikabaki na mapengo yanayong'aa. Shimo linazibwa kwa kumimina mara ya pili: bakiza kiasi kidogo cha nta, na mshumaa ukishashika juu lakini bado vuguvugu, toboa matundu mawili matatu karibu na utambi kwa kijiti cha mishikaki, kisha jazia. Ukisubiri mpaka upoe kabisa, nta mpya itakaa juu kama kofia na siku moja itabanduka.

Watu wataniuliza kuhusu moshi. Masizi meusi kwenye ukuta mara nyingi yanatoka kwenye utambi mrefu au mnene kupita kiasi, au mshumaa uliowekwa kwenye upepo wa feni. Nimeona mshumaa wa nta ya nyuki, ghali, umelipaka jeusi dari la bafu kwa sababu mwenyewe hakuwahi kukata utambi. Kata ubaki milimita tano kila kabla ya kuwasha, nta iwe yoyote ile.

Na kama ndiyo kwanza unaanza na huna hata mahali pa kununulia nta, nunua pakiti moja ya mishumaa ya dukani. Ivunje, toa tambi, yeyusha. Unayo parafini tayari. Mishumaa yangu sita ya kwanza ilizaliwa hivyo, na hakuna aliyejua.

Soya

Nta ya soya ni mafuta ya maharage ya soya yaliyopitishiwa haidrojeni kiwandani mpaka yakawa magumu. Inakuja ikiwa chenga kama nazi kavu iliyokunwa, nyeupe, rahisi kupima. Inashika glasi vizuri, haichimbi shimo sana, inawaka polepole, na sufuria unaiosha kwa maji moto na sabuni. Hilo la sufuria lina faida nyingine: ndicho kipimo changu cha soya ya kweli. Niliwahi kuuziwa chenga nyeupe kwa jina la soya, kwa bei ya soya, na duka silitaji. Nilipoosha sufuria, ile nta ikakataa katakata kutoka. Ikaganda kwenye sinki, ikashika sponji, ikabidi nimwage sponji na kuchokonoa bomba. Ilikuwa parafini iliyokwanguliwa. Soya ukiipitisha ukucha inaacha alama laini kama siagi ya baridi, na ukisugua kwenye kiganja inayeyuka kidogo kama mafuta ya kupaka. Parafini inakwaruzika, inabaki kavu.

Soya ina tabia mbili za kukatisha tamaa. Ya kwanza ni ule ukungu mweupe unaochora maua kwenye glasi baada ya siku kadhaa, hasa ukiwa umetia rangi. Ni chembe za mafuta zinajipanga upya, hazina madhara, mshumaa haujaharibika. Mimi siku hizi sitii rangi kabisa na ugomvi umekwisha. Ya pili ni kwamba harufu yake inachelewa. Ukiuwasha siku ya pili utasema nimetapeliwa manukato. Uache wiki mbili, umefunikwa, kabatini, halafu uwashe. Parafini siku tatu nne zinatosha.

Ile ya 48 bado naitumia, kwa mishumaa ya watu wa Upanga na Masaki ambao wana kiyoyozi na wanakuja kuchukua wenyewe jioni. Kwa wengine wote naichanganya: soya sehemu saba, parafini ya 58/60 sehemu tatu. Soya inaleta ulaini na kushika glasi, parafini inaleta ugumu na harufu ya mara moja. Mchanganyiko huo ndio uliookoa jina langu kwa yule shangazi, nitamrudia baadaye.

Nta ya nyuki, na shemeji yangu wa Sikonge

Hapa naomba mniruhusu nikae kidogo.

Dada yangu ameolewa Sikonge, mkoa wa Tabora, na mumewe ana mizinga kwenye misitu ya miombo, mingine ya magogo, michache ya kisasa. Watu wa huko wakikamua asali masega wanayachemsha na maji ndani ya gunia, wanakamua, na nta inayopanda juu ikipoa inakuwa mkate mzito wa duara unaofuata umbo la sufuria. Mkate wa kwanza aliniletea kwa basi, umefungwa kwenye kanga ya dada. Ulikuwa wa rangi ya ugoro upande wa chini, manjano upande wa juu, na unanukia moshi, asali na msitu wote kwa pamoja. Kanga ile mpaka leo sijairudisha.

Nikampigia kumshukuru, nikamwambia nataka kununua mwingine huku Dar kwa mtu. Akacheka. "Shemeji, kabla hujatoa hela, itafune."

"Nitafune nta?"

"Kipande kama punje ya mahindi. Nta ya nyuki inalainika mdomoni kama ubani wa kutafuna, haigandi kwenye meno. Ikigandia meno au ikavunjikavunjika kama mshumaa wa dukani, mwambie akuuzie kama mshumaa wa dukani."

Tangu hapo natafuna nta mbele ya wauzaji, na wengine wananiangalia kama nina mimba ya kula udongo. Kipimo kingine ni kuuvunja mkate: ya kweli penye mvunjiko pana chembechembe butu, kama jiwe la chumvi lililovunjwa, pasipong'aa. Iliyochanganywa na parafini inang'aa na kuteleza. Halafu iyeyushe upime: nta ya nyuki inayeyuka kati ya nyuzi 62 na 64. Ikianza kuganda kwenye 59, kuna mtu kajipatia faida. Ukiona unga mweupe umefunika mkate uliokaa muda mrefu, usiogope, huo ni wa kawaida, unatoka kwa kitambaa au kwa joto kidogo.

Nta ya shambani lazima uisafishe. Mimi natumia sufuria isiyoshika kutu, maji nusu, nta juu yake, moto mdogo. Sufuria ya chuma au ya shaba inaigeuza rangi, inakuwa kijivu au kijani kibaya, usijaribu. Ikishayeyuka yote napitisha kwenye kipande cha shuka ya pamba iliyochakaa, nimeibana juu ya ndoo kwa vibanio vya nguo. Ninaiacha usiku kucha ifunikwe, ipoe taratibu. Asubuhi mkate unaelea juu ya maji ya kahawia, na chini yake umeshikwa na tope laini. Tope nalikwangua kwa kisu, nalitumia kuwashia jiko. Narudia mara mbili, mara tatu kama ilikuwa chafu. Usiipeleke juu ya nyuzi 85, itakuwa nyeusi na ule unukaji wa asali utaondoka.

Kwa safari nta hii haina mshindani. Ilikaa siku mbili kwenye basi kutoka Tabora ikafika vilevile. Lakini kwa manukato ni mkaidi. Ina harufu yake na haitaki mgeni. Nimejaribu asumini, ikamezwa. Nimejaribu waridi, ikatoka kitu kama sabuni ya hoteli iliyosahaulika kwenye asali. Inayokaa nayo vizuri ni harufu zenye misuli: karafuu, mdalasini, mchaichai, tangawizi. Ndani ya chupa pekee yake ni ngumu mno, moto unachimba kisima katikati na pembeni hapayeyuki. Kwa hiyo kwenye chupa natia nta ya nyuki gramu 80 kwa mafuta ya nazi gramu 20, na utambi wa pamba mnene kuliko ule wa soya. Kama unataka mshumaa wa kusimama, acha nazi, mimina nta tupu ikiwa na nyuzi 70 na kitu, na upashe kalibu joto kidogo ili isipasuke ikipoa.

Bei yake ni kubwa. Simshauri mtu aanzie hapa.

"Kwani nazi peke yake haiwezekani?"

Kila mtu wa pwani ananiuliza, na nilijiuliza pia, maana kwetu Pangani nazi tulikuwa tunaikanyaga. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24. Dar yanaganda labda asubuhi ya Julai, na saa nne yamesharudi kuwa maji. Hiyo inayouzwa nje kwa jina la nta ya nazi ni mafuta yaliyopitishiwa haidrojeni na mara nyingi kuchanganywa na nta nyingine ngumu. Ukiipata, angalia namba, halafu ujiulize kama uko Dar au uko Lushoto. Mafuta ya kupikia ya mgando pia hapana. Mdogo wangu alijaribu. Nyumba ilinukia maandazi, si kwa uzuri.

Vifuu vya nazi navyo, kwa kuwa tumefika hapo. Vinapendeza, watalii wanavipenda, lakini kifuu kinawaka. Mimi naweka kikopo cha bati ndani ya kifuu na nta inakaa kwenye kikopo. Chungu cha udongo kisichopakwa kitu ndani kinanyonya mafuta mpaka chenyewe kinageuka kuwa utambi. Chupa ya jemu au ya asali, yenye glasi nene isiyo na ufa, ndiyo rafiki. Bilauri nyembamba za maji zinapasuka.

Manukato nta inayoyakubali

Kwa ufupi, kwa sababu hili lina siku yake. Nta ni mafuta, inataka mafuta. Manukato ya kupuliza, yenye spiriti, hayafai na ni ya hatari: spiriti inashika moto. Maji ya waridi hayachanganyiki, yatakaa chini na siku utambi utakapoyafikia utarusha cheche. Udi wa chetezo uache chetezoni. Kuusaga na kuutia kwenye nta kunaziba utambi tu, kama vile vipande vya mdalasini na maua makavu yanavyoziba, au yanawaka yenyewe. Uliza mafuta ya manukato yaliyotengenezwa kwa ajili ya mishumaa, au mafuta halisi yaliyokenekwa: karafuu, mchaichai, mlangilangi.

Soya inabeba kati ya asilimia 6 na 10 ya uzito wake. Parafini ya 58/60 naipa 4 hadi 6, ikizidi inatoka jasho. Nta ya nyuki 4 hadi 6. Mafuta ya karafuu anza na 3, kwa sababu yana nguvu ya kuumiza kichwa, na ni mazito kuliko maji hata kuliko nta, yanazama chini ya sufuria yakajificha. Koroga dakika mbili kamili kwa saa, siyo kwa kukadiria. Mlangilangi kinyume chake: ukiutia kwenye nta yenye moto mkali, utanusa harufu nzuri jikoni na mshumaani hautabaki nao.

Jaribu tatu kabla ya kununua gunia

Pata nusu kilo ya kila nta unayoifikiria, na chupa tatu zinazofanana. Jaza chupa maji mpaka pale unapotaka nta ifike, kisha pima uzito wa maji hayo kwa mizani ya jikoni. Nta ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo chukua uzito wa maji mara 0.86. Maji gramu 200, nta gramu 172 au hapo karibu. Manukato ya asilimia 6 kwa gramu 172 ni gramu 10 na kidogo. Pima kwa uzito, kijiko kinadanganya.

Sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji, jiko la gesi moto mdogo. Usiweke nta moja kwa moja kwenye moto, na jiko la mkaa silipendi kwa kazi hii kwa sababu huwezi kulipunguza haraka. Mfuniko unaotosha ile sufuria uwe karibu na mkono wako tangu mwanzo. Nta ikishika moto, funika, zima jiko, ondoka kando. Usimwage maji kamwe. Maji yanageuka mvuke chini ya nta na moto unaruka mpaka darini. Watoto nje, feni izimwe, simu ipige.

Soya naipasha mpaka 75, nasubiri ishuke 65, natia manukato, nakoroga, namimina kwenye 57 hivi. Mchanganyiko wa saba kwa tatu namimina 65. Parafini tupu natia manukato kwenye 80, namimina 75. Nta ya nyuki iliyotiwa nazi, 70. Mfuko wako ukikwambia namba nyingine, fuata mfuko. Chupa ziwe kavu kabisa. Tone moja la maji chini litakusumbua baadaye. Utambi ushike chini kwa tone la nta, juu ubane kwa vijiti viwili vya mishikaki.

Baada ya siku za kusubiri, washa zote tatu meza moja. Kwa kila sentimita mbili na nusu za upana wa chupa upe mshumaa saa moja. Chupa ya sentimita saba, saa tatu. Ndani ya muda huo dimbwi la nta iliyoyeyuka linapaswa kufika pembeni, kina cha sentimita moja. Likiishia katikati, utambi ni mwembamba au nta ni ngumu mno kwa chupa hiyo. Likifika pembeni ndani ya saa moja na glasi haishikiki, utambi ni mnene. Wengi wanabadilisha nta hapa, wakati kilichotakiwa ni kubadili utambi. Toka nje ya chumba, tembea uani, rudi. Pua iliyokaa na mshumaa saa mbili haijui kitu, itakwambia hakuna harufu.

Andika. Mimi nina daftari la shule, jalada la picha ya twiga, kila ukurasa mchanganyiko mmoja: nta, namba, manukato, utambi, tarehe, na neno moja la hukumu. Kurasa nyingi zina neno "uji."

Yule shangazi niliomba siku tano. Nikamtengenezea upya arobaini, saba kwa tatu, mlangilangi asilimia 6, kwa gharama yangu. Zilikwenda jioni na sherehe ilikuwa ndani, kwa hiyo hata soya tupu ingefika salama. Lakini siku iliyotangulia nilikuwa nimechukua chupa moja nikamwomba jirani mwenye teksi aiweke kwenye kiti cha nyuma, vioo juu, aipaki palepale anapopaki kila siku, kuanzia saa tano mpaka saa tisa alasiri. Iliporudi ilikuwa laini juu, ukiibonyeza kidole kinaingia kidogo, utambi umesimama, mafuta hayajaelea. Sasa kila nta mpya inalala kwenye teksi ile kabla haijapewa ukurasa wake, na jirani ameshazoea, ananiuliza tu leo harufu gani.